Inspekta Soksi na Mshumaa Aliyetoroka

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, historia hii inasomwa kama yeye mwenyewe alivyotaka isomwe, na tunalisema hilo mapema kwa sababu tangu juzi wapo wakubwa wetu, mjomba akiwa mbele yao, waliotushauri kwa nia njema tuandike kwamba marehemu alikuwa mtumishi wa kituo cha televisheni, tuishie hapo, na habari za soksi tuziache. Tumewasikiliza kwa heshima zote, tukaenda chemba, tukarudi, na habari za soksi zipo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, ambako treni ikipita vikombe vilicheza kabatini, na inasemekana alianza kuiga sauti za watu kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, ng'ambo ya reli, kisha akaenda sekondari ya wasichana, alikomaliza mwaka 1969 akiwa na alama nzuri za Kiswahili na sifa mbaya ya kumwiga mwalimu mkuu. Kaka yake, ambaye ndiye mjomba wetu, alikuwa tayari mwalimu wa Kiswahili, na ndiye aliyemnunulia vitabu, jambo ambalo mama hakulisahau, na mjomba naye hakumpa nafasi ya kulisahau.

Mwaka 1972 aliajiriwa kituoni kama mpiga chapa, katika chumba chenye feni moja iliyompulizia bosi peke yake. Tarehe 14 Oktoba 1977 mtangazaji wa kipindi cha watoto alishikwa na homa, kipindi kilikuwa cha moja kwa moja, wakubwa wakabaki wanatazamana, na mpiga chapa akatoa mkobani kikaragosi alichomshonea mtoto wa kaka yake, kichwa cha soksi ya shule ya kijivu, macho ya vifungo, kofia ya kifuniko cha dawa ya kikohozi, akapiga magoti nyuma ya meza, akainua mkono. Huyo ndiye Inspekta Soksi, mpelelezi aliyekuja kuchunguza nani ameiba keki, na alipofika mahali pa kuamuru mshukiwa akamatwe, ulimi wa mama ukateleza, akatamka kwa mamlaka yote ya dola, "Mkamateni mshumaa."

Mwingine angekohoa kidogo akajirekebisha, lakini Inspekta aliikazia macho kamera, akafikiri, akaongeza kwamba mshumaa huyo ni hatari, ana mwenzake, na washumaa wote wawili wametorokea jikoni. Mshika taa wa studio alicheka hadi taa ikatikisika mkononi. Tangu hapo kila Ijumaa jioni Inspekta alifuata nyayo zake mwenyewe kuizunguka meza, akalihoji birika, akampekua msoma habari, na kila mara akamkosa mshumaa aliyesimama ubavuni pake, huku watoto nyumbani wakimpigia kelele ageuke.

Mjomba hakufurahi, na hatumsingizii, yupo hapa mbele yetu. Alisema dada yake hakuharibu neno tu, ameharibu mpaka ngeli, kwamba darasani kwake watoto wanaandika "mshumaa amezimika" na wanamcheka akiwasahihisha. Mama alimjibu kwamba kaka, mshumaa wako umezimika, wangu amekimbia, usitake kunichanganyia upelelezi.

Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na yule mshika taa, baba yetu, na wakajaliwa watoto watatu, msichana na wavulana wawili, tuliokua tukijua kwamba ile soksi ina msumari wake ukutani na atakayeivaa mguuni atajua hajui.

Mwaka 1988 akaja mkuu mpya wa vipindi, akamwita ofisini, akamwambia ama neno lisahihishwe ama kipindi kife. Tarehe 4 Novemba, mbele ya kamera, Inspekta alivua kofia, akaomba radhi kwa wazazi na walimu wote, akaahidi kwamba kuanzia leo atalitamka neno kama inavyotakiwa, akasafisha koo, nyumba zote zikasubiri, naye akasema, "Mshumaa." Hicho kikawa kipindi chake cha mwisho, na wiki iliyofuata akahamishiwa stoo ya kanda, ambako aliona kwa macho yake kanda za Inspekta zikichukuliwa moja baada ya nyingine na kurekodiwa mpira na hotuba juu yake. Leo haipo hata dakika moja ya Inspekta Soksi mahali popote, isipokuwa vichwani mwenu mlioketi hapa, na ndiyo maana tumekataa kuiruka aya hii, kwa kuwa tukiiruka mama atakuwa amefutwa mara ya pili, safari hii na watoto wake mwenyewe.

Alistaafu mwaka 2006, na soksi yake hakuistaafisha, aliendelea kuipeleka kwenye wodi za watoto na shule yoyote iliyomfungulia mlango, hadi Februari 2019 alipopatwa na kiharusi kilichomvurugia maneno. Daktari wa mazoezi ya kuongea alimwonyesha picha azitaje, kiti akakipata, kikombe kikamshinda, ikaja picha ya mshumaa, akaitazama, upande mmoja wa mdomo ukacheka, akasema wazi kuliko siku zote, "Mshukiwa." Daktari alipomwambia kwa upole kwamba amekosea, baba alisimama, akasema samahani daktari, hapo amepatia, na akagoma kuondoka mpaka mkewe awekewe alama ya vema. Aliwekewa.

Mama alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 21 Agosti 2019, baba akiwa amemshika mkono ule wa Inspekta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari yule wa alama ya vema, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa stoo waliomkatalia mkuu wakati ule kufuta kanda hizo, mpaka akatafuta wengine wa kuzifuta, na mjomba wetu, kwa vitabu na kwa ugomvi wa miaka yote hiyo, maana asingekuwepo wa kumsahihisha, mama asingejua anachokitetea.

Mjomba, tusamehe, au usitusamehe, ni haki yako. Pumzika kwa amani, mama, umesomwa wote, na hatukusahihisha kitu.