Farasi wa Kalinga na Mlima Kitonga

Ukungu wa Juni pale Iringa mjini hauna haraka. Unakaa mpaka uchoke wenyewe, na watu wanaukalia hivyohivyo, makoti shingoni, mikono imekumbatia vikombe. Nyuma ya stendi ya mabasi, jirani na gereji, palikuwa na benchi lililochongwa kutoka ubao wa lori la Bedford, na hapo ndipo Damari, mama wa kutoka Kilolo, alipokuwa akiuza kahawa ya Mbozi kwenye birika lililo jeusi kuliko kahawa yenyewe. Wateja wake wa kudumu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Liberatus, aliyeitwa Injinia, kwa sababu barabara kuu ya Zambia ilipokuwa inajengwa yeye alishika mnyororo wa wapimaji. Wa pili ni Didas, dereva wa lori, aliyeitwa Lusaka, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kuutaja mji huo. Asubuhi ile alikuwapo na wa tatu, Ambrosi Kalinga, ambaye hakuwa na jina la utani. Jina la utani lilikuwa la gari lake.

Gari lilikuwa Mustang, la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane. Mhandisi mmoja aliyekuja na wajenzi wa barabara alilileta kwa meli, akalilisha vumbi miaka yake yote, na siku ya kuondoka akamwachia Kalinga, aliyekuwa dereva wake, kwa kupeana mikono tu. Mbele lina farasi wa chuma anayekimbia, basi mji mzima ukaliita Farasi. Kwenye tambarare lilinguruma mpaka kuku wa Kihesa wakahama njia. Mlimani lilikuwa na ugonjwa. Ukilikanyaga sana, moto wa plagi unakatika, injini inaanza kukohoa. Na asubuhi ya ukungu halikuwaka hata kwa sala. Kila mtu alijua chanzo ni platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Zilikuwa zinaungua mara kwa mara. Safari ya mwisho Farasi alizimika katikati ya kona za Kitonga, abiria wa basi wakashuka kumsukuma hadi pembeni, huku wakimwimbia Kalinga nyimbo za msiba.

Kalinga alicheka nao siku ile. Sasa hakuwa na hamu ya kucheka, maana Jumamosi ilikuwa harusi. Matilda, binti wa marehemu kaka yake, alikuwa anaolewa na Seni, bwana mifugo, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao bonde la Usangu. Misa ilipangwa mjini Iringa, na bibi harusi anatoka Ruaha Mbuyuni, chini kabisa ya Kitonga. Kaka yake alipokuwa mahututi, Kalinga alimwahidi kwamba siku ya Matilda kuingia kanisani, ataingia kama mtoto mwenye baba. Ahadi ile yote alikuwa ameipakia juu ya Farasi.

Ndiyo maana alikuja kijiweni kuuliza, na aliuliza mbele ya watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya sukari: abadilishe nini kwenye moto wa gari ili lipande Kitonga bila kukohoa?

Lusaka hakujibu kwa mdomo. Alikwenda kwenye lori lake, akarudi na kisanduku cha bati chenye nyaya za rangi, akakiweka juu ya benchi taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

— Moto wa kielektroniki, alisema. Kule Lusaka gari la mkubwa halitembei bila hiki. Unafunga hiki, platini unatupa.

— Hakitupwi kitu, alisema Injinia. Anunue platini mpya na koili yenye nguvu ya kukuza umeme, basi. Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo inahusiana nini na platini?

— Distributa iko chini ya chujio la hewa. Usipoinama utaifikiaje?

Damari aliongeza kahawa bila kuulizwa. Alijua mazungumzo ya namna ile yanavyokausha koo.

Injinia alikizungusha kile kisanduku mkononi na kuuliza ndani mna nini. Aliposikia mna transista, alikirudisha haraka kwenye benchi. Transista, alieleza, ni kitu cha redio. Ukikifunga kwenye gari, gari litaanza kushika matangazo. Litapanda Kitonga vizuri mpaka ifike saa ya taarifa ya habari, hapo injini itanyamaza ili isikilize. Lusaka alimjibu kwamba Wamarekani wamekwenda mwezini na kurudi kwa kutumia visanduku vya jamii hiyohiyo, na hakuna aliyewasukuma.

— Mwezini hakuna Kitonga, alisema Injinia.

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na Lusaka alihitaji kikombe kizima kuitafakari. Alipokimaliza alisema cheche za platini ni kama kiberiti cha mvua, ila cheche za kisanduku ni radi, na radi haijawahi kushindwa na mlima. Kinyume chake, inapenda milima. Akasema akitafuta vizuri anaweza kupata kisanduku cha pili, kila upande wa injini uwe na radi yake. Injinia naye hakukubali kuachwa nyuma. Alikumbuka kwamba kwenye shamba moja la tumbaku kuna pampu ya maji ya zamani yenye magneto, ambayo hutengeneza moto yenyewe wala haihitaji betri. Waifungue, waipachike kwa Farasi, na betri wamwachie Damari aweke taa kibandani.

— Mimi taa ninayo, alisema Damari. Kalinga, hawa watakumalizia gari.

Kalinga alitabasamu kidogo. Alikuwa akiziona kona za Kitonga moja baada ya nyingine, na katika kila kona alimwona Matilda ameshuka na gauni jeupe, ameshika viatu mkononi, huku waalikwa wakipita na basi na kutazama dirishani. Kila waliposema platini alitikisa kichwa kukubali. Waliposema kisanduku alitikisa pia.

Hapo ndipo alipotokea mzee mrefu, blanketi begani, fimbo mkononi, akiwaamkia kwa Kisukuma. Injinia akamjibu kwa Kihehe, na wote wakaridhika. Alikuwa Mihayo, baba yake Seni, aliyefika na basi la usiku kutoka upande wa Mbeya kuja kuona maandalizi. Kalinga alisimama, akampisha mkwe nafasi, Damari akampa kikombe. Wakamweleza mambo yote tangu mwanzo: platini, koili, radi, mwezi, pampu ya tumbaku. Mzee Mihayo alisikiliza kwa heshima kama anayesikiliza kesi ya mahari. Walipomaliza alikunywa funda moja.

— Nauliza tu, baba, alimwambia Kalinga. Huyo binti yetu, yeye amesema anataka kuja kwa gari hilo?

Lusaka alimtazama Injinia. Injinia alitazama kisanduku. Tangu uchumba ulipopokelewa Kalinga alikuwa ameongea na mafundi, na madereva, na wauza vipuri, na padri. Hakuwa amemuuliza Matilda.

Damari alitikisa birika. Lilikuwa limekwisha.

Siku hiyohiyo Kalinga alipanda basi kwenda Ruaha Mbuyuni, maana Farasi alikataa kuwaka. Ukishuka Kitonga unavua koti. Ukifika chini unatamani kuvua na shati. Alimkuta Matilda uani anachambua vitunguu na mama yake, Evarista. Mama alipoingia ndani kuchota maji ya mgeni, Kalinga akauliza lile swali la mkwe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia njia katika mji wake mwenyewe.

Matilda aliendelea kukata mizizi ya kitunguu kimoja mpaka akakimaliza.

— Baba mdogo, mimi hata kwa basi ningekuja, alisema. Magari nimepanda nikiwa shule. Lakini mama, miaka yote hii, kila akienda mjini anapanda juu ya magunia ya vitunguu kwenye lori. Hajawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Nilitaka yeye ndiye akae mbele. Nilikuwa naona haya kukuomba.

Kalinga alifuta macho, akasingizia vitunguu.

Alirudi Iringa mtu mwingine. Alfajiri iliyofuata alikuwa kijiweni kabla birika halijachemka, akawaambia wenzake maneno yamekwisha: watafunga kisanduku cha Lusaka, na watafanya hivyo asubuhi hiyo. Injinia alisema yeye atasimama tu pembeni kama shahidi wa maafa. Boneti ikafunguliwa, chujio la hewa likatolewa, Lusaka akainama (Injinia alihakikisha kila mtu ameona kwamba ameinama), akaanza kufuata nyaya. Waya mwekundu ulikwenda kwenye betri. Mwingine kwenye koili. Wa mwisho aliufuata kwa kidole, akarudi mwanzo, akaufuata tena.

Ulikuwa unakwenda kwenye platini.

Kisha Kalinga, aliyekuwa amewahi kumwona yule mhandisi wake akifunga vitu vya umeme, ndiye aliyeelewa. Kisanduku hakiondoi platini. Kinaziondolea mzigo. Umeme mkubwa unapita kwenye kisanduku, platini zinabaki na kazi ya kuashiria tu, kwa hiyo haziungui, na cheche inakuwa kali. Na ubavuni palikuwa na swichi ndogo: kisanduku kikifa njiani, unaibonyeza na gari linarudi kwenye moto wake wa zamani.

— Nilisema platini hazitupwi, alisema Injinia.

— Nilisema afunge kisanduku, alisema Lusaka.

Kila mmoja akampa mkono Kalinga kwa ushindi wake. Kisha Injinia akavua koti, akaenda mwenyewe dukani, akarudi na platini mpya, akazipachika kwa kutumia ukucha wa kidole gumba kupimia nafasi, ulimi ukiwa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Lusaka alimshikia bisibisi, kisha akakifunga kisanduku ndani, chini ya usukani, swichi iwe karibu na mkono wa dereva. Damari anasema hajawahi kuona siku nyingine ambayo wawili wale walikaa kimya kwa muda mrefu namna ile. Ufunguo ulipozungushwa Farasi aliitika mara moja, ukungu wote ukiwa juu yake, na kunguru wakaruka kutoka paa la gereji.

Jumamosi asubuhi Kalinga alitoka Ruaha Mbuyuni na Evarista kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya, pochi imesimama magotini. Matilda alikaa nyuma, gauni limejaza kiti chote. Lori la Lusaka lilifuata na ndugu na ngoma. Wakavuka kijiji cha Mahenge, wakaanza kupanda.

Kwenye kona ile Farasi alipozimika zamani, Kalinga alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili ukikaribia ile swichi. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni wakitazama, kama walioalikwa. Alikanyaga. Injini haikukohoa. Ilivuta, ikavuta, ikabadilisha sauti kutoka mngurumo kuwa kama wimbo, na kona ikabaki nyuma. Halafu nyingine. Alianza kupumua. Evarista hakusema neno njia nzima, na Kalinga akadhani anaogopa.

Walipofika juu, shemeji yake akamgusa mkono.

— Simama, shemeji. Zima.

Kuzima, mlimani, injini ya moto, misa inasubiri. Kalinga alimtazama Matilda kwenye kioo, naye Matilda akainua mabega. Akalisogeza gari pembeni, akageuza ufunguo, na kimya kikaingia ndani ya gari. Chini sana walisikia mto Lukosi.

Evarista alishuka, akasimama ukingoni, akaangalia bonde lote, barabara imejikunja kama kamba iliyotupwa, lori la Lusaka linatambaa dogo kule chini na ngoma zake hazijasikika bado. Alisema miaka yote amepita hapa amefumba macho, ameshikilia kamba ya magunia, anamwomba Mungu amshike asianguke. Hakujua kwamba ni pazuri.

— Mama, padri anasubiri, alisema Matilda dirishani.

— Padri ana kiti, alisema Evarista.

Alitazama mpaka akaridhika, ndipo akarudi, akaketi, akasimamisha pochi yake magotini. Kalinga alishika ufunguo, akamtaja kaka yake moyoni, akauzungusha.

Farasi aliwaka kabla ufunguo haujafika mwisho. Mngurumo ulipiga mwamba wa Kitonga ukarudi mara mbili, nyani wakakimbia, na Evarista akacheka kwa sauti kubwa, kicheko ambacho Kalinga hakuwa amekisikia tangu kaka yake alipokuwa hai.

— Tena, alisema Evarista.

— Shemeji, tumechelewa.

— Zima, uwashe tena.

Kalinga akazima, akawasha tena.