Alama Mbili za Mzee Melkior

Kijiwe chetu kiko nje ya duka la vifaa vya ujenzi la Amirali, Moshi mjini. Saa kumi Winfrida hufika na birika la kahawa. Amirali tunamwita Mizani, maana misumari anaipima kwa kilo na hakuongezi hata mmoja. Thadeus ni seremala, jina lake Fundi Tepu. Ezra wa bodaboda ni Bampa, na sababu yake anaijua yeye na ukuta wa soko. Jumatano ile alikuja Mzee Melkior, mwalimu mstaafu wa Uru. Kiharusi kilimpiga Februari upande wa kushoto, na tangu hapo yeye na mkewe wanakaa mjini kwa binti yao ili awe karibu na kliniki ya mazoezi. Anachotaka ni kurudi Uru kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, na njia ya kuingia kule ni mteremko mtupu.

— Shikamoo, mwalimu, alisema Ezra.

— Marahaba. Nisaidieni hesabu. Jumatatu Violet, yule binti wa mazoezi, alinipima ninavyosimama, ninavyogeuka, ninavyookota kiatu. Akanipa thelathini na tisa kwa hamsini na sita. Leo kanipima kijana mwingine, nimepata arobaini na sita. Violet alisema nikifika arobaini na tano naruhusiwa kwenda Uru. Sasa naenda au siendi?

— Unaenda, alisema Ezra. Chukua kubwa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Winfrida.

— Inaingia tu.

Thadeus alitikisa kichwa.

— Mlango mmoja haupimwi kwa tepu mbili. Jumatatu ulivaa nini?

— Kandambili.

— Na leo?

— Viatu vya kanisani.

— Umeona. Wamepima viatu.

— Mimi nasema ni chai, alisema Amirali. Tumbo tupu halina uzito wa kumshikilia mtu chini. Leo ulikunywa chai, Melkior?

— Na viazi viwili.

— Basi. Viazi viwili, alama saba.

Ezra naye akaja na lake: mtu aliyezaliwa mlimani amezoea kuegemea, kwa hiyo sakafu bapa inamchanganya. Mzee apimwe kwenye mteremko, tena mlima ukiwa wazi, kwa sababu ukijifunika mawingu mwili haujui juu ni wapi. Mzee Melkior alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wa darasa la tatu.

— Tumpime wenyewe, alisema Thadeus. Asimame kwa mguu mmoja, tuhesabu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hata mguu mmoja unatosha.

Mzee akasimama, akainua mguu wa kushoto. Akayumba, akajirudi, akaushusha.

— Kumi na moja, alisema Thadeus.

— Sita, alisema Amirali. Wewe unahesabu kama unadaiwa.

— Simu yangu inasema nne, alisema Ezra, ila nilichelewa kubonyeza.

Wakaanza kubishana kama kuyumba kunahesabiwa. Mzee Melkior alikuwa bado amesimama, jasho limemtoka kwenye paji la uso, akisubiri tumwambie kama ataiona migomba yake. Hapo ndipo mkewe, Mama Mektrida, alipofika kumchukua. Kabla ya siku ile hakuwahi kukanyaga kijiweni kwetu. Tuliinuka wote, tukamwamkia, naye akaitikia.

— Violet amepiga simu, alimwambia mumewe. Arobaini na sita haihesabiwi. Ijumaa atakupima yeye mwenyewe, asubuhi kama Jumatatu, kandambili zilezile. Ukipanda, tutajua ni wewe umepanda.

— Ndicho nilichosema, alisema Thadeus.

— Na hapa mlikuwa mnafanya nini?

— Tunampima, mama. Mguu mmoja.

Mama Mektrida alitutazama mmoja mmoja.

— Violet akimpima huwa anasimama nyuma yake, mikono tayari. Hapa nyuma yake alisimama nani?

Amirali alitazama saa yake. Ezra aliingiza simu mfukoni. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, nikimshikia mzee kikombe.

— Hilo, alisema Mzee Melkior akijishusha kwenye benchi taratibu, nililiwaza nikiwa juu ya ule mguu mmoja.