Mjomba Arushe au Asirushe: Risala ya Kikosi cha Ndege za Mizigo

Mgeni rasmi, Afande Mkuu wa Tiba Jeshini, sisi marubani na wapakiaji wa ndege za mizigo tunakukaribisha kwa mikono miwili, na kwa mapigo ya moyo ambayo siku hizi hatuogopi uyasikilize.

TULIKOTOKA

Zamani kliniki ya moyo tuliiita "kinyozi wa mabawa": unaingia rubani, unatoka abiria. Tukawa mabingwa wa kukwepa. Siku ya kupimwa huyu ana harusi, yule kafiwa na shangazi. Kuna shangazi mmoja tumemzika kila mwaka. Aliyefika alikimbia juu ya mashine ya kupimia moyo huku kang'ang'ania vyuma vya pembeni, hadi dada muuguzi akamuuliza, "Kaka, unakimbia au unaning'inia?"

MAFANIKIO

Aliyetubadilisha ni rubani wetu mkuu, tunayemwita Mjomba. Kifua kilimbana akipanda ngazi za ndege, akaenda kliniki mwenyewe, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele.

"Mjomba, umejichongea!" tukamwambia.

"Nyuma yangu wanakaa watoto wa watu," akajibu.

Madaktari wakakuta mshipa wa moyo umeziba, wakauzibua. Tangu hapo sote tumepimwa, na sigara zimetoweka kwenye banda la ndege. Wake zetu wanasema hata kukoroma kumepungua, hilo hatujalithibitisha.

CHANGAMOTO

Mjomba amemaliza mapumziko aliyopewa, na vipimo vyake vimetoka safi. Bodi yako ya tiba, inayoamua kama arudi kurusha, bado haijakaa. Anafundisha darasani, anatania, anacheka. Injini ikiwaka tu, huweka chaki chini na kusimama dirishani mpaka ndege ipotee mawinguni.

Na baadhi yetu wameanza kunong'ona: "Mmeona malipo ya ukweli?" Afande, minong'ono hiyo ikikomaa, tutarudi kumzika shangazi.

OMBI

Hatuombi huruma. Mwenye moyo mbovu asirushe hata tiara. Tunaomba bodi ikae, imtazame Mjomba, itamke. Ikisema arudi, awe na rubani msaidizi ubavuni, tutashangilia. Ikikataa, aagwe kwa gwaride na heshima zote, ili anayefuata asiuogope mlango wa mbele.

Ukigeuka nyuma utamwona. Ndiye pekee aliyevaa ovaroli la kurukia kwenye joto hili, tulimwambia avae nguo nyepesi, akasema, "Je, Afande akitamka leo?"

Mwenyezi Mungu akulinde, upae salama na utue salama.

Ni sisi, Kikosi cha Ndege za Mizigo, Mjomba akiwemo.