Wimbi Linalorudi kwa Gia

Nje ya duka la kunyoa kuna benchi, na ukuta wa kuegemea ni wa watu watatu tu: Wembe mwenye duka, Fundi Bomba, na Gia, dereva mstaafu wa malori. Mimi nakaa ukingoni. Leo kahawa ya Gia ilipoa mkononi mwake, na mimi roho haikutulia. Zahanati walikuwa wamemwambia mishipa yake imekuwa migumu. Moyo ukisukuma damu, wimbi linakimbia mwilini, linagonga huko mbele na kurudi. Kwenye mishipa laini linarudi taratibu, moyo umeshamaliza kusukuma. Kwake linarudi mbio na kuukuta moyo bado kazini.

— Hiyo naijua, alisema Fundi Bomba. Funga koki ghafla, usikie bomba la chuma linavyogonga. Mpira wa kumwagilia bustani unatanuka kidogo, yanaisha. Chuma hakitanuki, kwa hiyo kipigo chote kinairudia pampu.

Angeishia hapo ningempa mkono. Lakini Wembe akasema Gia atembee polepole, wimbi lisishtuke. Nami sikukubali kupitwa, nikashauri alale miguu juu, lipotee njia.

— Tatizo ni hizo dawa alizopewa, Fundi akaendelea. Zinashusha presha. Presha ikishuka, maji yanafikaje ghorofani?

Akajigonga kichwa kwa kidole. Tukacheka.

Gia hakucheka.

— Si ndivyo ulivyoniambia Jumatatu? Tangu siku hiyo sijazigusa. Leo siku ya nne, na nikipanda ngazi kifua kinabana.

Niliogopa, sifichi. Wembe akajifanya anakoroga kahawa isiyo na sukari. Fundi akaanza kusema kwamba yeye alikuwa anapiga soga tu, akaishia katikati.

Ndipo alipofika binti wa Gia, pakiti ya vidonge mkononi. Alikuwa ameikuta nyuma ya redio, haijapungua tangu Jumatatu. Akatuamkia wote, kisha akamgeukia Fundi, bila hasira.

— Baba mdogo, pampu ikiungua huwa unafanyaje?

— Naitoa, nafunga nyingine.

— Na hii ya baba, hiyo nyingine utaitoa wapi?

Fundi akamtazama Gia, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Akasimama, akamshika Gia mkono, tukaelekea naye zahanati.