Shukrani kwa Mtawa Dhammasara, Anayetuaga Galwewa

Waheshimiwa watawa, Bwana Mganga wa zahanati, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Galwewa, wageni waalikwa, na ninyi majirani zangu: mimi Heen Menike nimeombwa nimshukuru mtawa wetu, ambaye baada ya miaka thelathini anahamia makao ya msituni. Mwenyekiti alinisihi niseme mazuri tu. Nitayasema, lakini hayawezi kueleweka bila ubaya wangu.

Mnamkumbuka mjukuu wangu Lahiru? Alikufa kwa kuhara, hajatimiza miaka miwili. Mwaka uliofuata dada yake, Sanduni, naye akaanza kuhara. Nikasimama uani, mkanisikia nikimfokea mke wa mwanangu: "Nilmini, uliua watoto wa nani katika maisha yaliyopita? Karma yako hiyo, isitumalizie ukoo!" Nilmini aliyaamini. Aliacha hata kwenda zahanati. Kama ni deni la matendo ya zamani, dawa ingesaidia nini?

Mtawa alipopita na bakuli lake kupokea chakula asubuhi, nikamwambia, "Mheshimiwa, tuombee. Nyumba hii imeingiliwa na karma ya mkwe."

Akaniuliza, "Mama, umeiona wapi?"

"Si watoto wanakufa?"

"Buddha mwenyewe aliulizwa kama kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani. Akasema hapana. Akataja nyongo, makohozi, upepo wa mwilini, hayo yote yakivurugika pamoja, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kupigwa na mtu. Matendo ya zamani akayataja ya nane. Wewe umeyarukaje saba?"

Akaweka bakuli lake chini, likiwa tupu, akazunguka nyuma ya nyumba. "Kisima hiki, na choo kile kilicho juu yake mteremkoni, nani alichagua mahali?"

Ndugu zangu, nilichagua mimi.

Hakunikaripia. Alimwambia Nilmini, "Mwanangu, mpeleke mtoto kwa mganga wa zahanati sasa hivi. Karma ni nia ya mtu na anachokitenda, na leo bado hujatenda." Kisha akamwita mwanangu, wakakifunika kisima kwa mbao. Mwezi mzima mtawa huyu alituletea maji ya hekaluni kwa ndoo, huku vijana wakichimba kisima kingine upande wa juu wa choo.

Sanduni ndiye yule aliyewakaribisha vitini.

Mheshimiwa, wengine watakushukuru kwa hekalu na shule ya Jumapili. Mimi nakushukuru kwa kutonifariji siku ile. Ungeniombea tu, ningemzika na wa pili nikiwa na amani moyoni.

Lakini shukrani yangu haijakamilika. Nilmini, simama nikuone. Miaka kumi na tisa nimekupikia wali na samaki wa kukaanga, nikakupakulia kabla ya mwanangu, nikijidanganya kwamba umeelewa kuwa naomba radhi. Nilikutukana kwa sauti, mbele ya watu hawa. Kwa sauti hiyohiyo, mbele yao, nasema: hukumuua mwanao. Nisamehe, binti yangu.

Nawashukuru nyote mlionivumilia hadi nikayasema haya.