Mhasibu Amekwama kwenye Lifti

SPANA: Haloo? Nani mwenzangu?

MZEE: Ni mimi.

SPANA: Mimi nani? Namba siijui, bosi, na niko kazini. Kama ni mambo ya kuuziana viwanja—

MZEE: Ni baba yako. Au na wewe umeshanifuta?

SPANA: Ah, baba. Shikamoo. Nisamehe. Hii simu ya nani?

MZEE: Marahaba. Ya mama mmoja nimekaa naye kwenye benchi. Yangu imezima chaji. Kaniazima kwa roho safi, ila kasema salio lenyewe ni la kubahatisha. Kwa hiyo nisikilize kwanza, maswali baadaye.

SPANA: Bado uko huko huko bima?

MZEE: Bado. Benchi lina msumari, nimeshaujua kwa jina. Sikiliza. Karani anasema nimechelewa kujiandikisha. Mstaafu anapewa miezi mitatu tangu kazini kwake waache kumlipia bima. Ikipita, anangoja mpaka mwakani.

SPANA: Si umestaafu mwezi uliopita tu?

MZEE: Ndivyo nilivyomwambia. Akanigeuzia kompyuta yake. Humo ndani mimi nimestaafu siku niliyotimiza sitini.

SPANA: Lakini ulibaki kwa mkataba. Miaka miwili mizima, unanifundisha mimi ufundi wa lifti.

MZEE: Nikamwambia na hilo. Akasema sawa, leta barua kutoka kazini, iseme walikuwa wanakulipia bima mpaka mwezi uliopita. Ukiileta kabla sijafunga dirisha, leo leo nakuandika, na kesho Ijumaa mkeo anasafishwa figo kwa kadi. Usipoileta...

SPANA: Mwakani.

MZEE: Mwakani.

SPANA: Baba, mama hawezi kufika mwak—

MZEE: Najua.

SPANA: Samahani.

MZEE: Wiki iliyopita tumeuza pikipiki ndipo tukalipa. Hakuna pikipiki nyingine. Sasa, barua yenyewe anaiandika mtu mmoja tu, mhasibu. Nimempigia wiki nzima kwa ajili ya karatasi zangu za kustaafu, hapokei. Nikienda ofisini naambiwa katoka sasa hivi. Chai yake inafuka moshi mezani, yeye katoka. Wewe uko jengo moja naye. Nenda kamsimamie mlangoni—

SPANA: Baba.

MZEE: —usibanduke mpaka apige mhuri.

SPANA: Baba, mhasibu haendi popote. Amekwama kwenye lifti.

MZEE: Nani?

SPANA: Mhasibu. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Nimefungua mlango wa ya tatu kwa ufunguo, hapa nilipo naona pindo la suruali yake.

MZEE: Usinitanie leo.

SPANA: Naapa. Suruali ya kijivu, imepigwa pasi kama anakwenda kuoa.

(mtandao unakwaruza)

MZEE: ...lifti ya nyuma?

SPANA: Ya nyuma. Ile uliyokuwa ukiiita bibi yako.

MZEE: Yuko peke yake humo?

SPANA: Yeye na mkoba wake. Nilikuwa nakwenda juu kwenye mashine kukata umeme, ndipo ukapiga. Sasa siendi tena.

MZEE: Huendi kwa nini?

SPANA: Si tumempata?

MZEE: Mpe simu.

SPANA: Upenyo ni wa vidole tu, na nikiusogelea mtandao unakata. Niambie mimi, nitamfikishia.

MZEE: Haya. Muulize barua yangu.

SPANA: (kwa mbali) Bosi. Bosi, baba yangu yuko hewani. Ndiyo, Mzee mwenyewe. Anataka barua ya bima. Barua. Ya bima.

MZEE: Anasemaje?

SPANA: Anasema hakusikia.

MZEE: Rudia.

SPANA: Anasema kuna joto.

MZEE: Mwambie hewa ipo tele. Lifti ile ina matundu kama chujio la chai, hajawahi kufa mtu humo.

SPANA: Anasema nimtoe kwanza, mengine tutazungumza kama watu wazima.

MZEE: Umemjibu nini?

SPANA: Nimemjibu barua kwanza.

MZEE: Wewe.

SPANA: Wiki nzima anatukimbia, baba. Akae humo kidogo aonje.

MZEE: Sikukufundisha hivyo.

SPANA: Hukunifundisha. Hii ni ya kwangu mwenyewe.

MZEE: Muulize tena. Kwa upole.

SPANA: Aha.

MZEE: Usiseme "aha". Muulize.

SPANA: (kwa mbali) Mzee anauliza kwa upole. ... Ndiyo. ... Unasema? ... Rudia hapo. ... Baba?

MZEE: Nipo.

SPANA: Anasema barua anaweza kuiandika hata sasa hivi, kalamu anayo. Tatizo si barua.

MZEE: Tatizo ni nini?

SPANA: Akiandika ukweli, haitakusaidia.

MZEE: Ukweli gani?

SPANA: Kwamba watu wa mkataba hawana bima. Siku uliyotimiza sitini walikutoa, wewe na mama. Miaka yote ile miwili mlikuwa mnatembea hivi hivi.

MZEE: Muongo. Kadi ninayo mfukoni.

SPANA: Kadi imekufa siku nyingi, anasema. Hatukujua kwa sababu hatukuwahi kuitumia. Mama alikuwa haumwi.

MZEE: Mbona hakuniambia?

SPANA: Anasema ulitia sahihi.

MZEE: Sijatia sahihi kitu kama hicho mimi.

SPANA: Anasema alikuletea mwenyewe juu kwenye mashine, akapanda ngazi zote na moyo wake mbovu. Akakukuta umelala kifudifudi juu ya mota. Ukamwambia, weka hapo juu ya boksi la fyuzi nitie sahihi upesi, kuna mtu amekwama ghorofa ya tano.

(kimya kirefu)

SPANA: Baba? Umekatika?

MZEE: Sijakatika.

SPANA: Ni kweli?

MZEE: Alikuwa ni mama mjamzito. Alikuwa analia, sauti inapanda mpaka kule juu. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikashika kalamu kwa kitambaa. Nikamuuliza, hii ya nini? Akasema mambo ya mkataba tu, Mzee, kila kitu kama zamani.

SPANA: Alisema hivyo?

MZEE: Muulize.

SPANA: (kwa mbali) Bosi, ulimwambia kila kitu kama zamani? ... Anasema alisema "karibu kila kitu".

MZEE: Karibu.

SPANA: Ndivyo anavyosema. Kisha akaona aibu, anasema. Ndiyo maana akawa anakukimbia, alishindwa kukutazama usoni.

MZEE: Na sasa anatazama nini?

SPANA: Ukuta.

(mtandao unakwaruza, sauti ya kipaza ikiita namba)

MZEE: Ngoja. Bado, si yangu. Inayofuata ndiyo yangu.

SPANA: Baba, sikiliza, usikate tamaa. Anasema ataandika nyingine. Yenye tarehe tunayoitaka sisi. Anaandika humo humo, anaipitisha kwenye upenyo, nakimbia nayo kwa bodaboda. Mhuri uko kwenye mkoba.

MZEE: Amesema mwenyewe au umemsemesha?

SPANA: Tumesaidiana.

MZEE: Ameshaanza kuandika?

SPANA: Anatafuta karatasi.

MZEE: ...Mwambie aache.

SPANA: Baba—

MZEE: Aache, nakuambia. Unadhani sitaki? Nimetaka mpaka mate yamenijaa. Lakini hii kompyuta ya karani inaonyesha michango ilipokomea. Nimeiona kwa macho yangu, nikadhani imekosea. Nikileta barua inayosema vingine, watauliza pesa za miaka miwili ziko wapi. Nitakuwa nimechelewa vile vile, halafu na mwongo juu yake. Watanifuta hata hiyo ya mwakani.

SPANA: Basi nimwache humo humo.

MZEE: Mtoe.

SPANA: Sitaki.

MZEE: Hukuombwa kutaka. Nenda juu, kata swichi kuu kwanza. Kwanza, unanisikia? Halafu uachie breki kidogo kidogo. Kwa kuwa yuko peke yake, vyuma vya upande wa pili vitamzidi uzito, itapanda yenyewe mpaka ya nne. Usimvute kwenye upenyo, utamkata miguu.

SPANA: Anastahili.

MZEE: Anayo maradhi ya moyo, umesema mwenyewe. Na bima anayo. Usimpe sababu ya kuitumia.

SPANA: (anacheka kidogo, anaacha) Na mama, je?

MZEE: Mama yako asijue kwanza. Nitamwambia mwenyewe, jioni, akishakula.

SPANA: Baba.

MZEE: Nini tena?

SPANA: Mama anajua. Alinipigia asubuhi, ulipotoka tu. Alisema ukipata kadi, heri. Usipopata, nisikuruhusu kwenda kukopa kwa mtu. Alisema kesho haendi.

MZEE: Haendi wapi?

SPANA: Hospitali. Anasema anaona nafuu. Miguu imepungua kuvimba, wiki hii apumzike.

MZEE: Amesema miguu imepungua?

SPANA: Ndiyo.

MZEE: Nimeikanda mwenyewe jana. Nikibonyeza kidole, alama inabaki. Haijapungua.

SPANA: Nilimjibu sawa, mama. Sikujua niseme nini.

MZEE: Wewe ungejuaje.

SPANA: Unafanya nini sasa?

MZEE: Wakiniita najiandikisha hivyo hivyo, kwa kuchelewa. Nisipojiandikisha leo, hata mwakani haipo.

SPANA: Na kesho?

MZEE: Kesho tunakwenda, mimi na yeye. Tutafika mapema, tutakaa kwenye foleni na wenye kadi zao. Wakitaka kutukatalia, watukatalie ameshakaa kwenye kiti chake karibu na mashine.

SPANA: Kwa pesa gani, baba?

MZEE: Sijui.

SPANA: Unasema kama vile unajua.

MZEE: Sijui, mwanangu. Naogopa, kama unataka kusikia. Nimekaa hapa naogopa tangu asubuhi. ... Ndiyo, mama, samahani, namaliza sasa hivi. ... Mwenye simu anaitaka.

SPANA: Nitakuja kesho. Nitaomba ruhusa kwa—

MZEE: Kwa nani? Kwa mhasibu?

SPANA: Nitakuja bila ruhusa.

MZEE: Usije. Ukifukuzwa, mkeo na watoto nao wanatoka kwenye kadi. Baki kazini. Mtoe huyo mtu, halafu mpigie mama yako.

SPANA: Nimwambie nini?

(kipaza kinaita namba)

MZEE: Hiyo ndiyo yangu. Mwambie atoe vile viatu vipana, vinavyomwingia. Aviweke karibu na mlango.

SPANA: Na akisema haendi?

MZEE: Mwambie alfajiri nitapiga magoti nimvalishe mwenyewe. Haya, ninakwenda, wasije wakaita mwing—

(simu inakatika)

SPANA: Baba? ... Baba? ... (kwa mbali) Vumilia, bosi. Nakwenda juu.