Sitari ya Bi Shaukat Ara Haina Mrithi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri. Wazee wetu wa mtaa wa wafua shaba. Ndugu wa marehemu mlioketi kule nyuma ingawa huku mbele viti viko wazi. Wageni mliosafiri tangu alfajiri. Mabibi na mabwana: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme maneno ya furaha, kwa kuwa leo tunafungua ukumbi. Nitajitahidi. Ukumbi ni mzuri kweli, Mheshimiwa. Feni zinazunguka bila kelele, viti vina mito, na jina la Bi Shaukat Ara limeandikwa mlangoni kwa herufi za dhahabu, kubwa kuliko herufi zozote alizopata kuandikiwa akiwa hai. Nimeambiwa ukumbi umeshakodiwa kwa harusi msimu mzima. Tunashukuru. Sitari yake, ile ala yake ya nyuzi, nayo mmeiweka pale mlangoni ndani ya sanduku la kioo, na sanduku lina kufuli. Ufunguo uko kwa nani? Nimeuliza asubuhi, kila mtu akanielekeza kwa mwenzake.

Mimi ni Girdhari Mishra, mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo. Nimeketi ubavuni pake jukwaani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mji mzima ulimwita Apa, yaani dada mkubwa, nami nilimwita hivyo hivyo.

Baba yake, Ustadh Rahat Husain, alikuwa na wana wa kiume ambao sitari iliwashinda, na binti ambaye haikumshinda. Ukoo wao ulikuwa na mahadhi yao wenyewe, ambayo hayakuwahi kuandikwa wala kufundishwa mtu asiye wa damu yao. Akamfundisha binti. Siku moja akaalikwa kwenye nyumba ya tajiri mmoja mwenye mashamba, akaomba pazia litundikwe, eti macho ya watu yanamsumbua. Marehemu baba yangu ndiye aliyepiga tabla jioni ile. Sitari ilipoanza kulia nyuma ya pazia, wazee wakatikisa vichwa, wakapiga mapaja, mmoja akapaza sauti: "Ustadh, leo mikono yako imerudi ujanani!"

Ustadh akalivuta pazia. Alikuwa ameketi pembeni anatafuna tambuu. Mwenye sitari alikuwa msichana.

Kaka yake Ustadh akasimama. "Umetuvua nguo mbele za watu!"

"Nimewavua vipi?" Ustadh akamjibu. "Vichwa mmetikisa wenyewe. Mimi nimewashika shingo?"

Ndugu zangu, huyo ndiye Apa mliyemsikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Je, kuna nyumba katika mji huu ambayo hakuipigia? Kuna sikukuu aliyoikataa? Nani kati yetu hajawahi kusimama kando ya mto Gomti, akasahau alichotumwa sokoni, kwa sababu dirisha la Apa lilikuwa wazi?

Kisha ikaja siku ile ya maonyesho ya mji. Mheshimiwa, ulikuwapo, uliketi mstari wa mbele. Tulikuwa katikati ya mahadhi ya mwendo wa kasi, mkono wake wa kulia ukaanguka juu ya nyuzi kama kitambaa. Nilidhani amenyamaza makusudi, jinsi alivyopenda kunichokoza. Nikaendelea na tabla peke yangu, mzunguko baada ya mzunguko, namsubiri aingie kwenye pigo la kwanza. Watu wakapiga makofi. Nilipomtazama, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Akaniambia kwa shida, "Girdhari, usiache. Watajua."

Mkono haukurudi. Kila asubuhi alikivaa kile kipete cha waya cha kupigia, kwenye kidole kisichosikia, akakaa nacho hadi adhuhuri. Lakini sauti ilirudi, ingawa chakavu, akasema atafundisha kwa kuimba. Akamwita mpwa wake. Kijana, naye yuko hapa, akamjibu kwa upole, "Shangazi, siku hizi nani anakaa saa nzima kusikiliza uzi mmoja unavutwa?" Akawaita wengine wa damu yake, nao hawakuja.

Ndipo akamchukua mtoto wa watu, Vaidehi, binti wa Lallan mpika vitamu vya jalebi. Ukoo ukamnunia. Wao walikataa kufundishwa, na alipofundishwa mwingine wakakasirika! Miaka minane Apa aliimba na Vaidehi akapiga. Mara nyingi nilifumba macho nikashindwa kujua ni nani kati yao ameshika sitari. Nilimwona Apa akicheka kwa nusu ya uso. Nikaamini tumepona.

Vaidehi akaolewa Mirzapur. Barua za Apa hazikujibiwa. Mwaka wa pili Apa akasema, "Girdhari, tafuta gari." Tukaenda. Mama mkwe akatupokea vizuri, siwezi kusema uongo, chai ilikuwa na iliki.

"Nimekuja kumwona mwanafunzi wangu," Apa akasema.

"Mwanafunzi? Hapa kuna mke wa mwanangu tu, mama. Ana sufuria zake, ana mifugo yake. Karibu biskuti."

"Na sitari?"

"Iko juu ya kabati. Tumeifunika vizuri, vumbi haliingii."

"Sijaja kuuliza vumbi, mwenzangu."

Vaidehi akatoka jikoni, mikono ina unga. Akainama akagusa miguu ya mwalimu wake. Apa akamuuliza, "Umeyasahau mahadhi?" Yule binti akamtazama mama mkwe, akatazama chini. "Nimesahau, Apa."

"Niimbie yale ya saa ya magharibi tu. Mstari mmoja."

Akaimba. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mstari mmoja, kisha wa pili, kisha yote mpaka mwisho, na hakuna mahali alipoteleza. Vidole vyake vyenye unga vilikuwa vinatembea juu ya nguo yake. Mama mkwe akasema, "Haya, maziwa yanamwagika huko." Vaidehi akaingia ndani.

Tulipoanza kuuona mji wetu ndipo Apa akanena: "Afadhali angesahau." Sikumwomba anieleze. Alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijaisha.

Mtaniuliza, na wewe, mzee, huwezi kutupigia hayo mahadhi? Siwezi. Najua mdundo wake wote. Naweza kupiga tabla hapa kutwa nzima, na ninyi mtasikia mbao na ngozi tu.

Bwana Ramashray, mume wa Vaidehi, simama watu wakuone. Umekuja kutoka Mirzapur na shada kubwa kuliko yote. Ni adabu, nami nakupongeza. Tulipokutana pale nje nimekuuliza kwa nini mkeo hakuja. Ukaniambia hajui kwamba Apa amefariki. Ukasema, "Mzee Girdhari, tukimwambia atalia, na nyumbani tuna harusi ya mdogo wangu." Hajui hadi leo, na mwaka tangu msiba unakaribia kwisha.

Kwa hiyo kule Mirzapur yuko mwanamke anayekanda unga huku akiyashika mahadhi ya watu, asidondoshe hata sauti moja, kwa sababu anadhani Apa yuko hai na atarudi kumuuliza. Bwana Ramashray, jioni utafika nyumbani. Mwambie. Ningependa kusema kwamba akishajua atashusha sitari kutoka juu ya kabati, na ninyi mtamruhusu. Nimezeeka, siwezi kusema nisichokiamini. Mwambie tu, apumzike.

Mheshimiwa, wageni wetu, nawashukuru kwa kunivumilia na kwa masikio yenu. Nimemaliza.